Jiwe Halijaanguka

Barua ilikuwa ya mstari mmoja na mhuri wa halmashauri:
*Je, Masasi kuna tetemeko?*
Jibu litakiwe kabla ya Ijumaa,
kwa kuwa msingi wa wodi ya wazazi umeshakauka
na fundi Mchopa anauliza nondo za nguzo, nne au sita,
na ringi zikae shibiri moja au mbili.

Nikafungua daftari la mitikisiko.
Miaka sitini, nukta saba,
punje zilizosahauliwa pembeni mwa ungo.
Iliyo kubwa kuliko zote iligonganisha vikombe vya masista
ikamwamsha mbwa.

Nikaenda kuuliza watu.
Agripina Namkoko, nesi mstaafu, alikumbuka moja isiyo daftarini:
"Msimu wa korosho. Magunia yalikuwa ukumbini.
Nikadhani lori."
Mwaka gani, mama?
"Mwaka Kolumba alipoota meno."
Nikaandika: *meno ya Kolumba.*
Kesho yake nikamtafuta huyo Kolumba, anatengeneza bodaboda stendi,
nikamuuliza umri wake.
Alicheka hadi spana ikamponyoka.
Ndivyo tarehe ilivyoingia kwenye ripoti ya serikali.

Lakini meno ni ya juzi.
Nilitaka shahidi aliyetangulia meno, aliyetangulia misheni,
aliyewaona Wayao wakipita na pembe kuelekea pwani
akawaona wageni.

Nyuma ya mji, juu ya mlima, kuna jiwe lililokalia jiwe
kama mtungi ulioketi kwenye kata kichwani:
pana juu, jembamba chini,
pimbi wamejaa kivulini.
Ukilikaribia miguu inarudi yenyewe hatua mbili.

Nililizungushia kamba. Nikapima kimo, nyayo, pembe ya kuegama.
Hesabu yake haijazi kurasa mbili:
ardhi ikisukumwa kiasi hiki, litayumba;
ikizidi hapo, litabingirika hadi kwenye mihogo ya watu.

Na halijabingirika.
Tangu mvua ilipolivua udongo,
miaka elfu kadhaa, siijui, sitaitaja,
kila kilichopita chini yake kilipita kikiwa kidogo.
Kutoanguka ndiyo kauli yake.

"Kimya kingi kina mshindo mkuu," dereva akanitupia tukishuka.
Nilikaa na methali ile mpaka Mkuti.
Inanifaa nusu.
Kuna kimya kilicho kimya tu,
na kuna kimya kilicho deni lisiloandikwa siku ya kulipa.
Mimi nalipwa kuvitenga viwili hivyo
kwa nukta saba, meno ya mtoto, na jiwe.

Tena jiwe limeshuhudia mambo ya mwamba.
Wodi imekaa bondeni, juu ya mfinyanzi,
na mfinyanzi huchezea ngoma hata ikigongwa kwa kidole.

Usiku nikaandika: *asilimia kumi ndani ya miaka hamsini.*
Nikafuta. Nani atalala nayo hiyo?
Nikaandika: *Mtoto atakayezaliwa humu huenda asitikiswe maisha yake yote,
na mwanawe vilevile.
Jengeni kama vile mjukuu.*
Nikafuta na hilo, linanuka hotuba.
Nikabakiza: *Nondo sita. Ringi shibiri moja.*

Mchopa alisoma, akatema kijiti cha meno.
"Hiyo ni gunia tatu za korosho zaidi.
Kwa kitu kisichokuja?"
Kwa kitu nisichojua kama kinakuja.
Alinitazama kama unavyomtazama mteja
anayetaka kufuli kwenye banda lisilo na kuku.

Kisha akauliza, "Shibiri ya nani? Yangu au yako?"
Akaufungua mkono wake, mpana kama jani la mgomba.
Yangu, nikasema.

Akaukandamiza mkono wangu juu ya fito,
kidole gumba hapa, kidole cha mwisho pale,
akakata kwa panga,
akaitundika fito kwenye msumari, karibu na saa yake.